Nani Amekaa Huko? Neno "Kukalika" na Utafutaji wa Sayari za Nyota Nyingine

Mnamo Juni 2023, Muungano wa Kimataifa wa Falaki ulitangaza majina ya nyota na sayari yaliyopendekezwa na makundi ya watu kutoka mataifa mbalimbali. Miongoni mwake yalikuwamo majina mawili yaliyotoka Kenya, yote mawili ya lugha ya Kimaasai: Orkaria na Enaiposha. Orkaria, yaani ngeu, ule udongo mwekundu ambao Wamaasai hujipamba nao, ni jina la nyota ndogo yenye wekundu ambayo hapo awali ilitambuliwa kwa herufi na nambari tu, GJ 1214. Enaiposha ni sayari inayoizunguka nyota hiyo. Neno lenyewe humaanisha maji mengi yanayoyumba huku na huko, kama ya ziwa au bahari, na ndilo lililogeuka katika vinywa vya wageni likawa Naivasha.

Majina hayo ni mazuri, na waliyoyapendekeza wanastahili pongezi. Hata hivyo, hali ya Enaiposha yenyewe ni kioja. Sayari hiyo iligunduliwa mwaka wa 2009, na kwa kuwa uzito wake ulionekana kuwa mdogo ukilinganishwa na ukubwa wake, baadhi ya wataalamu walidhani kwamba huenda sehemu kubwa ya sayari hiyo ni maji. Darubini ya James Webb ilipoielekea, matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2023 yalionyesha kuwa joto la upande wake wa mchana ni nyuzi 279 za selisiasi, na upande wa usiku nyuzi 165. Sufuria ya chai huchemka kwa nyuzi 100. Ziwa la namna hiyo hakuna ngege wala kiboko angelitamani.

Je, waliochagua jina hilo walisema uongo? La hasha. Jina la pekee halidai ukweli wowote kuhusu kitu kinachoitwa. Mtoto huitwa Baraka hata akawa mtundu wa kupindukia, na hakuna anayewashtaki wazazi wake. Istilahi ni jambo jingine kabisa. Istilahi hudai. Anayeiita sayari fulani Enaiposha ameipa heshima, lakini anayeiita "sayari inayokalika" ametoa hukumu, na hukumu huhitaji ushahidi. Makala haya yanashikilia kwamba neno "kukalika", ambalo limeanza kuzoeleka katika taarifa za Kiswahili kuhusu sayari za nyota nyingine, linatoa hukumu ambayo sayansi yenyewe haijaitoa, na kwamba jukumu la kulirekebisha linawaangukia watu wa Kiswahili kabla ya kumwangukia mwanasayansi yeyote.

Ili hoja hii ieleweke, inafaa kwanza kutazama kile ambacho wanafalaki hasa wanakifanya. Mwaka wa 1995, Michel Mayor na Didier Queloz wa Chuo Kikuu cha Geneva, wakitumia darubini iliyoko Haute-Provence nchini Ufaransa, walitangaza kuwa nyota iitwayo 51 Pegasi inazungukwa na sayari kubwa ambayo hukamilisha mzunguko mmoja kwa siku nne na ushei. Kwa ugunduzi huo walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka wa 2019, pamoja na James Peebles ambaye alituzwa kwa kazi nyingine. Kabla yao, mwaka wa 1992, Aleksander Wolszczan na Dale Frail walikuwa wametangaza sayari zinazozunguka mzoga wa nyota iliyokwisha kulipuka. Baada yao mlango ulifunguka. Chombo cha Kepler, kilichorushwa mwaka wa 2009 na kustaafishwa mwaka wa 2018, kiligundua peke yake zaidi ya sayari 2,600. Kufikia Septemba 2025, idadi ya sayari zilizothibitishwa ilikuwa imepita 6,000.

Katika hizo zote, zilizowahi kupigwa picha ni chache mno, na picha zenyewe ni vinukta tu. Nyingine zimejulikana kwa athari zake. Njia ya Mayor na Queloz ilikuwa kutazama jinsi nyota inavyoyumba kidogo inapovutwa na sayari yake. Njia ya Kepler ilikuwa kungoja sayari ipite mbele ya nyota na kuifanya ififie kidogo. Enaiposha inapopita mbele ya Orkaria, nuru inayozibwa ni zaidi kidogo tu ya asilimia moja. Ni kama mtu aliyeketi ndani ya nyumba akakisia kimo cha mgeni kutokana na kivuli kinachopita mlangoni. Kivuli kinaweza kumpa kimo, na vivuli vingi vinaweza kumpa mwendo. Tabia ya mgeni, chakula anachokula, na iwapo ana neno jema la kusema, hayo hayamo kivulini.

Hapo ndipo linapokuja suala la ukanda. Wanafalaki hupiga hesabu kuhusu kila nyota: sayari ikiwa karibu mno, maji yake yatageuka mvuke, ikiwa mbali mno, yataganda. Kati ya mipaka hiyo miwili kuna umbali ambao maji yangeweza kuwepo juu ya uso wa sayari yakiwa majimaji, alimradi sayari hiyo iwe na angahewa ifaayo. Huo ndio ukanda ambao kwa Kiingereza, lugha iliyokopa neno lake kutoka Kilatini, huitwa ukanda wa makao, na katika mazungumzo mepesi hupewa jina la msichana wa hekaya za watoto aliyeonja uji wa dubu watatu. Hesabu maarufu zaidi ya mipaka hiyo ilichapishwa mwaka wa 1993 na James Kasting pamoja na wenzake wawili. Msomaji na atambue kuwa katika hesabu hiyo maneno mawili ndiyo yanayobeba mzigo wote: "yangeweza" na "alimradi".

Mfano wa karibu unatosha kuonyesha uzito wa maneno hayo. Mwezi unaoangaza juu ya Mombasa na Kakamega uko umbali uleule kutoka kwenye Jua kama Dunia. Kwa kigezo cha umbali pekee, Mwezi umo ndani ya ukanda. Hauna hewa, hauna mto, na mchana wake ungeoka mkate. Mfano mwingine ni Zuhura. Mwanafalaki aliye kwenye nyota ya mbali, akitupima kwa njia zilezile tunazopima wengine, angeona kwamba Zuhura na Dunia ni karibu pacha: kipenyo cha Zuhura ni asilimia 95 ya kile cha Dunia, na uzito wake zaidi ya asilimia 80. Huenda akaandika katika gazeti la kwao kwamba Jua lina sayari mbili za kutia matumaini. Lakini uso wa Zuhura una joto la zaidi ya nyuzi 460, joto la kuyeyusha risasi.

Sasa lirudiwe neno lenyewe. "Kalika" limetokana na kitenzi "kaa" katika kauli ya kutendeka. Sauti /l/ inayojitokeza hapo si ya kubandikwa. Ni mabaki ya umbo la kale la Kibantu ambalo bado linasikika kwa Wagiriama wasemapo "kukala" na kwa Wakamba wasemapo "kwikala". Kauli hii ya kutendeka ina sura mbili, jambo ambalo kila mwanafunzi wa mofolojia amelitolea mifano katika mtihani. Sura ya kwanza ni ya hali: kikombe kimevunjika, mlango umefunguka. Sura ya pili ni ya uwezekano: barabara inapitika, mwandiko unasomeka, maji yananyweka. Wanaotetea "sayari inayokalika" huegemea sura hii ya pili. Wanasema kwamba kauli yenyewe inabeba maana ya uwezekano, na kwa hiyo hakuna aliyedanganywa.

Hoja hiyo ina nguvu ya vitabu vya sarufi, ila inapuuza namna kauli hiyo inavyotumika vinywani. Katika Kiswahili, uwezekano unaotajwa kwa kauli ya kutendeka kwa kawaida ni uwezekano uliojaribiwa. Nani husema kwamba barabara inapitika? Ni dereva aliyeipita asubuhi, au mtu aliyemwona dereva huyo akifika. Nani husema kwamba maji yananyweka? Ni aliyeyanywa, au aliyeyapima. Mtu akisema kuwa maji ya kisima asichowahi kukiona yananyweka, wasikilizaji watamuuliza amejuaje. "Kalika" limeshikamana na ushahidi huo hata zaidi ya vitenzi vingine, hasa katika umbo lake la kukanusha. Bibi harusi anayerudi kwao baada ya miezi mitatu na kusema kwamba kwa wakwe zake hapakaliki hakupiga hesabu ya umbali kati ya nyumba ile na barabara. Alikaa. Mpangaji anayehama kwa sababu ya kunguni, mwanafunzi anayetoka bwenini kwa kelele, mkazi wa bondeni aliyefurikiwa na maji, wote husema "hapakaliki", na neno hilo linapata uzito kwa kuwa mnenaji alikuwapo.

Kwa hivyo, Mswahili akisikia kwamba wataalamu wamepata sayari inayokalika, akili yake haiendi kwenye hesabu ya nuru na umbali. Inaenda kwa mtu aliyekaa au atakayekaa. Ndiyo maana baadhi ya taarifa zimepiga hatua nyingine na kuandika "sayari ambako binadamu anaweza kuishi", kana kwamba mlango umeachwa wazi na kilichobaki ni kufunga mizigo. Si ajabu. Neno lilikwisha kuwasukuma waandishi huko.

Kenya ina uzoefu mchungu wa aina hii ya lugha. Dalali wa ardhi humwonyesha mteja karatasi yenye picha ya nyumba nyeupe, nyasi za kijani na watoto wanaocheka, akamhakikishia kuwa pale pahali panakalika, maji yako karibu, umeme uko njiani. Mteja hulipa. Siku anapofika huko anakuta korongo, au anakuta wenyewe. Hakuna sheria ya lugha iliyovunjwa na dalali. Alitumia kauli ya kutendeka katika sura yake ya uwezekano. Sayari iliyo karibu zaidi kati ya zinazotajwa kuwa ukandani ni ile inayozunguka nyota ya Proxima Centauri, iliyotangazwa mwaka wa 2016. Iko umbali wa miaka-nuru 4.2. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka wa 1977 na ambacho husafiri takribani kilomita 17 kwa sekunde, kingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kusafiri umbali kama huo. Kumwambia mtoto wa shule kwamba kuna dunia nyingine inayokalika ni kumwonyesha karatasi ya dalali, na kumwonyesha wakati huohuo ambapo anahitaji kujua kwamba mto ulio nyuma ya shule yao hauna mbadala wake angani.

Huenda mtu akasema kwamba haya ni kulikuza jambo dogo, kwamba neno moja haliwezi kupotosha elimu ya nyota. Historia ya elimu hiyo inasema vingine, na inafaa kukaa nayo kidogo kwa kuwa ni historia ya tafsiri. Mwaka wa 1877, Giovanni Schiaparelli wa Milano aliitazama sayari ya Mirihi kwa darubini na kuchora mistari aliyoiita kwa Kiitaliano "canali". Katika Kiitaliano neno hilo hubeba maana mbili. Linaweza kuwa mkondo wa maji uliojifanya wenyewe, na linaweza kuwa mfereji uliochimbwa. Lilipoingizwa katika Kiingereza, lilichukuliwa kwa neno lenye maana ya pili. Kwa mfano wa Kiswahili, ni kama mtu angeandika "mikondo" na mfasiri akatoa "mifereji". Mkondo hauna mwenyewe. Mfereji una mchimbaji. Na mchimbaji akishaingia katika sentensi, ni nani atakayemtoa?

Percival Lowell, tajiri wa Marekani, hakumtoa. Alijenga kituo cha darubini huko Flagstaff, Arizona, mwaka wa 1894, akatumia miaka mingi kuchora mifereji hiyo, na akaandika vitabu akieleza kwamba viumbe werevu wa Mirihi waliichimba ili kuleta maji kutoka kwenye barafu ya ncha za sayari yao iliyokuwa ikikauka. Ni kweli kwamba Lowell hakupotoshwa na neno pekee. Alitaka kuamini, na macho yaliyochoka huunganisha madoa yakawa mistari. Walikuwepo pia wanafalaki waliompinga tangu mwanzo. Lakini neno ndilo lililomfungulia mlango na ndilo lililoubeba uvumi hadi magazetini, na ndoto ya mifereji ilidumu hadi chombo cha Mariner 4 kilipopita karibu na Mirihi mnamo Julai 1965 na kutuma picha za jangwa lenye mashimo. Takriban miaka tisini! Mfasiri mmoja makini angeliweza kuipunguza.

Kosa la aina hiyo linaweza kurudiwa leo bila ya darubini mbovu. Iko sayari iitwayo K2-18 b, umbali wa takribani miaka-nuru 124, yenye uzito unaozidi mara nane ule wa Dunia. Mwaka wa 2023, kikundi kilichoongozwa na Nikku Madhusudhan wa Chuo Kikuu cha Cambridge kilitangaza kwamba Darubini ya Webb imeonyesha gesi za methani na kaboni dioksidi katika angahewa yake. Mnamo Aprili 2025, kikundi hicho kikatangaza dalili za gesi ya salfaidi ya daimethili, ambayo hapa duniani hutokana hasa na viumbe vidogo vya baharini. Watafiti wenyewe walisema kwamba ushahidi wao haujafikia kiwango cha kuhesabiwa ugunduzi. Wataalamu wengine walizichambua takwimu zilezile wakasema kwamba hazitoshi kuthibitisha hata kuwapo kwa gesi hiyo. Tena gesi yenyewe imeonekana katika kimondomkia, mahali ambapo hakuna samaki wala mwani, hivyo inaweza kutokea bila uhai.

Tazama ngazi zilizopo hapo. Sayari kuwa ukandani ni jambo moja. Kuwa na angahewa ni la pili. Kuwa na gesi fulani katika angahewa hiyo ni la tatu, na gesi hiyo kuwa imetoka kwa kiumbe hai ni la nne. Kiumbe hicho kuwa zaidi ya utelezi juu ya maji ni jingine, na binadamu kuweza kukaa hapo ni jingine la mbali kuliko yote. "Sayari inayokalika" hulitaja la mwisho na kulibandika juu ya la kwanza. Msomaji wa Kiswahili anaporukishwa ngazi zote hizo kwa neno moja, na mwezi ujao akasoma kwamba wataalamu wanabishana iwapo kuna hewa yoyote huko, hatasema kuwa neno lilikosea. Atasema wanasayansi ni waongo. Hasara hiyo haimpati Madhusudhan aliye Cambridge. Inampata mwalimu wa fizikia wa Kitui.

Pingamizi la pili ni zito zaidi na halifai kupuuzwa. Wapo wanaosema kwamba istilahi hupata maana kutokana na matumizi, si kutokana na nasaba yake, na kwamba "kukalika" litazoeleka kama yalivyozoeleka mengine. Wanatukumbusha mjadala wa "tarakilishi" na "kompyuta": wataalamu walibishana kwa miaka, nao watu wakaendelea kusema kompyuta. Ni kweli kwamba vikao haviamui lugha. Lakini kompyuta imo mezani. Hata ingeitwa kwa jina la kupotosha kiasi gani, mtumiaji angeirekebisha maana kwa kuigusa. Nani ataigusa K2-18 b? Kitu ambacho hakuna atakayekiona hakina kingine cha kumsaidia msomaji isipokuwa neno. Hapo neno si kibandiko kilicho juu ya chupa. Neno ndilo chupa.

Kiswahili kina ushahidi wa ndani wa jinsi mambo yanavyokuwa istilahi za anga zikiachwa zijitunge. Sayari iliyo karibu zaidi na Jua ilikwisha kuwa na jina katika Kiswahili, Utaridi, lililopokewa kutoka Kiarabu pamoja na Zuhura, Mirihi na Zohali. Hata hivyo, vipo vitabu vilivyoiita Zebaki. Kwa nini? Kwa sababu kwa Kiingereza sayari hiyo na madini ya zebaki yana jina moja, na mfasiri alichungulia Kiingereza badala ya kuchungulia nyumbani. Mtoto anayesoma Zebaki ana haki ya kudhani kwamba sayari hiyo imeundwa kwa madini yanayotumiwa katika vipimajoto. Kwa upande mwingine, wakulima waliolipa kundi la nyota jina la Kilimia hawakuchungulia kwa mtu. Walizitazama nyota zikizama na kuzuka, wakazifungamanisha na kulima, wakazipa jina la kazi yake. Jina hilo halisemi zaidi ya kile walichokijua.

Kipimo hicho cha Kilimia ndicho kinachofaa kutumiwa hapa: neno liseme kinachojulikana. Kinachojulikana kuhusu ukanda ni maji, na hata hayo kwa sharti. Basi na uitwe "ukanda wa maji". Sayari iliyomo na iitwe "sayari ya ukanda wa maji", hata kama ni maneno mengi kuliko "sayari inayokalika". Urefu si aibu. Kiswahili kimebeba "wizara ya mambo ya nchi za nje" bila kuanguka. Wapo watakaosema kwamba neno "maji" nalo linaweza kupotosha, kwa kuwa msomaji atadhani maji yamekwisha kuonekana. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini ukanda wa maji unaweza kuelezwa kwa sentensi moja, kwamba ni umbali ambapo maji hayangechemka wala kuganda yangekuwepo, ilhali "kukalika" kunahitaji kukanushwa kila kunapotajwa. Neno "kukalika" lenyewe lisitupwe. Liwekwe akiba kwa ajili ya mahali ambapo mtu amekaa.

Jina la sayari hizi kwa jumla nalo linahitaji uangalifu. Baadhi hupendekeza "sayari za nje", bila kukumbuka kwamba mwalimu wa jiografia huwaita hivyo Mshtarii na Zohali ili kuzitofautisha na sayari zilizo karibu na Jua. "Sayari ngeni" lina mvuto, ila mgeni katika Kiswahili ni mtu aliyefika, na sayari hizi hazijafika popote. "Sayari za nyota nyingine" ni maelezo zaidi kuliko istilahi, lakini yanaeleweka na mtu yeyote kutoka Lamu hadi Lubumbashi bila kamusi. Hilo si jambo dogo.

Isidhaniwe kwamba Kiswahili ni mgeni katika shughuli hizi, kibisha hodi kwa unyenyekevu. Mnamo tarehe 12 Desemba 1970, siku ya maadhimisho ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa uchunguzi wa miali ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Marjorie Townsend, Mmarekani aliyeusimamia mradi huo, aliipa jina la Kiswahili: Uhuru. Hadi leo wanafalaki wa dunia nzima hulitamka neno hilo wanapoitaja orodha ya kwanza ya vyanzo vya miali hiyo. Neno la Kiswahili lilifika angani kabla ya idara nyingi za Kiswahili kuanzishwa. Kilichokosekana ni watu wa idara hizo kulifuata. Tasnifu za uzamili huandikwa kila mwaka kuhusu istilahi za sheria, za tiba na za benki, na ni vyema. Za falaki zinaweza kuhesabiwa kwa vidole, na vidole vikabaki.

Kazi ya kwanza inajulikana hata sasa. Nyota ya TRAPPIST-1, iliyo umbali wa miaka-nuru 40 hivi, ilitangazwa mnamo Februari 2017 kuwa na sayari saba zinazokaribiana na Dunia kwa ukubwa. Darubini ya Webb imekwisha kuzitazama mbili zilizo karibu zaidi na nyota hiyo: matokeo ya mwaka wa 2023 hayakuona angahewa ya maana katika ya kwanza, wala angahewa nzito ya kaboni dioksidi katika ya pili. Sayari ya nne, inayotajwa kwa herufi e, imo ndani ya ukanda. Matokeo yake ya awali, yaliyochapishwa mnamo Septemba 2025, hayakuweza kuthibitisha wala kukanusha kuwapo kwa hewa, na uchunguzi zaidi ulipangwa. Siku matokeo mengine yatakapotolewa, mhariri fulani mjini Nairobi au Dar es Salaam atakuwa na nusu saa ya kuyaandika kwa Kiswahili. Kama hewa itakuwa imeonekana, sentensi yake inaweza kuwa "imeonekana hewa katika sayari ya nne ya nyota ya TRAPPIST-1, iliyomo katika ukanda wa maji", na inaweza pia kuwa ile nyingine. Atachagua ile atakayoikuta tayari mezani.